Siku Kanyiva Alipomshusha Baba Yake Kilungu

Mbaluka aliendesha malori barabara ya Mombasa miaka ishirini na sita, akayaona ya kuona. Ndiyo maana binti yake Kanyiva alipopata leseni akiwa na miaka kumi na minane, hakumkabidhi funguo za gari lake, Probox, vivi hivi. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa kanisani na sokoni tu, baba kiti cha kando. Baada ya hapo angeendesha peke yake, lakini mchana, na bila marafiki ndani ya gari. Barabara kuu ingengoja mwaka uishe.

"Baba, si serikali imeniruhusu?"

"Serikali haikukuzaa."

Mwezi wa tano tangu Kanyiva apate leseni, Mbaluka akaanguka kutoka juu ya mparachichi, mguu ukavunjika chini ya goti. Mvua ilikuwa imeanza, na jirani mwenye gari hakuwepo. Shemeji yake, Muli, akaufunga mguu kwa vipande vya mbao, akamlaza kiti cha nyuma, naye akaketi mbele. Kanyiva akashika usukani.

Njia ya kushuka milima ya Kilungu kwenda hospitalini ina mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Kanyiva akaingiza gia ya pili, akateremka polepole. Kila shimo lilimchoma Mbaluka hadi kisogoni. Aliuma kofia yake asipige kelele.

"Kanyaga!" Muli akahimiza. "Huoni baba yako anaumia?"

Kanyiva akasimamisha gari kando. "Mjomba, nakuomba tafadhali. Nikiharakishwa nitakosea."

Muli akageuka nyuma kutafuta wa kumuunga mkono. Mbaluka alitamani kufika hata kwa kuruka. Maumivu yalimtaka aseme hivyo. Akaitoa kofia mdomoni. "Mwache. Anaenda vizuri."

Walipopinda kona iliyofuata, lori la mchanga lilikuwa limeteleza kwenye matope, likaziba barabara yote. Kanyiva akakanyaga breki kidogo kidogo. Probox ikateleza, ikayumba, ikasimama hatua kama kumi kutoka kwenye lori. Muli akashuka kwenda kusaidia kulisukuma, na aliporudi amejaa matope, alifunga mkanda bila kuambiwa.

Hospitalini daktari aliitazama picha ya mguu, akasema mfupa umevunjika mahali pamoja tu. Hakuna haja ya upasuaji; plasta wiki sita, basi. Kanyiva akaketi kwenye benchi ya korido, akalia, akacheka, kisha akauliza chai inauzwa wapi.

Kesho yake wakapanda mlima kurudi nyumbani, jua likiwaka. Katika maisha yake yote Mbaluka hakuwahi kufumba jicho gari likiendeshwa na mtu mwingine. Alishtuka injini ilipozimwa.

"Mbona umesimama? Kuna nini?"

"Tumefika, Baba. Umekoroma tangu tutoke kule chini."