Chupa Ambazo Mashine ya Siyu Haikuziona

Sikwenda Siyu kutembea. Nilitumwa na mdogo wangu, Athman, nikamrudishe nyumbani Lamu binti yake Zuhura. Binti huyo alisomea uhandisi Mombasa, kisha yeye na mwenzake mmoja, Otieno, wakaanzisha kampuni ndogo ya kuunda mashine ya kutenganisha taka za plastiki. Walikwenda kuijaribu Siyu, kisiwani Pate, kwa kuwa ufuo wa upande wa bahari kuu hupokea chupa kutoka nchi nyingi. Athman alikuwa amesikia kwamba mashine imeshindwa, na kwamba waliogharimia kazi hiyo wanakuja wiki ijayo kuifunga. Hakupenda mwanawe aaibike mbele ya wageni.

"Wewe ni ami yake na yuwakustahi," aliniambia. "Mlete kabla hawajafika."

Jumatatu, baada ya sala ya alfajiri, niliteremka gatini. Chombo cha Mtangawanda, gati ya kisiwa cha Pate, hufuata maji, na siku hiyo maji yalijaa mapema, nikashukuru. Abiria tuliketi na magunia ya unga, magodoro mawili, na friji iliyofungwa blanketi kama mgonjwa. Tulipita ule mlangobahari mwembamba kati ya Manda na bara bila kukwama, jambo ambalo halitokei kila safari.

Mtangawanda nilipanda pikipiki. Njia ya Siyu ni ya mchanga, na mtu wa umri wangu huisikia kila hatua mgongoni. Dereva aliniuliza naenda kwa nani. Nilipomtajia Zuhura akasema, "Yule wa taka?" Kisha akaona kanzu yangu na kilemba, akajirekebisha: Bi Zuhura, mtu mwema sana. Neno lake la kwanza nililiweka akilini nimpelekee Athman.

Adhuhuri nilifika bandani kwao. Ni banda la makuti lenye paa la paneli za jua, safi kuliko nilivyotarajia. Zuhura alinibusu mkono, akanionyesha kazi. Mkanda wa mpira hubeba taka, kamera huzitazama, na mashine ikishatambua aina ya plastiki hupuliza hewa kwa nguvu ikairusha kila moja kwenye pipa lake. Chupa za maji huku, vifuniko kule, kandambili mwisho. Akina mama wa mji, wakiongozwa na Bi Mwanaisha, ndio huokota ufuoni na kuondoa mawe na mwani kabla taka hazijapanda mkandani.

Tatizo lilikuwa moja. Ufuo ulikuwa umejaa madumu meupe na chupa nzito za sabuni, na Zuhura alizipiga picha nyingi akaifundisha mashine kuzitambua, kwa sababu hizo ndizo wanunuzi wanazozitaka. Lakini kila jioni pipa la chupa hizo lilikuwa karibu tupu. Yeye na Otieno waliamini kamera haioni rangi nyeupe. Walikuwa wameifungua mashine mara tatu. Wageni wakija wakakuta pipa lile tupu, kazi imekwisha.

Nilimpa ujumbe wa baba yake. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Ami, nipe mpaka Alhamisi," akasema. "Nikishindwa nitapanda chombo nawe, na sitasema neno."

Nikakubali. Siku tatu si kitu kwa mtu aliyepewa miaka mingi kama mimi.

Alasiri nilikwenda msikitini. Baada ya sala nilitafuta mahali pa kupumzisha mgongo, nikaona nyuma kuna chumba kidogo ambamo huhifadhiwa jeneza. Mlango ulikuwa wazi. Kando ya jeneza palikuwa na magunia, yamepangwa vizuri hadi dirishani, na midomo yake imefungwa kwa kitambaa cheupe. Nilimuuliza mwadhini. Akasema ni amana ya akina mama, ina maneno ya Mungu, nisiipige teke.

Nilifungua moja. Ndani mlikuwa na madumu meupe na chupa nzito za sabuni, zimeoshwa zikang'aa, na kila moja ina maandishi ya Kiarabu.

Kwetu, karatasi yenye herufi hizo haiachwi chini. Mtu huiinua, huibusu, akaiweka juu mahali pa heshima. Hivyo tulilelewa sote. Bahari ilileta chupa kutoka Arabuni, akina mama wakaona herufi, wakazitoa kwenye taka kimyakimya kabla hazijafika mkandani.

Jumanne asubuhi niliomba magunia yaletwe bandani, nikamwita Bi Mwanaisha na wenzake. Nilichukua dumu moja nikamuuliza kama ameyasoma maneno yake.

"Niyasome vipi, Bwana? Mimi msahafu nausoma kwa irabu, na hizi hazina irabu. Lakini herufi nazitambua. Hazitupwi, wala hazipigwi pumzi zikarushwa pipani kama mifupa ya samaki."

"Mbona hamkumwambia Zuhura?"

"Mwana wa nyumba yenu afunzwe adabu na sisi? Tulisema huenda hakuona, tukamsitiri. Na Otieno si wa dini yetu, tungemtia aibu bure."

Nikawasomea. Dumu la kwanza lilikuwa mafuta ya injini. La pili siki. La tatu lilisema, kwa herufi kubwa nzuri, kwamba ni dawa ya kusafishia choo.

Bi Mwanaisha akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Basi tangu Rajabu twaihishimu dawa ya choo," akasema, na hapo wakacheka mpaka mmoja akaketi chini.

Mimi sikuweza kuwacheka. Nyumbani kwangu, kwenye kidaka cha ukuta wa ukumbini, nina kifuniko cha bati nilichokiokota njiani miaka mingi iliyopita kwa sababu hiyo hiyo. Kiarabu nakisoma tangu utotoni, lakini kifuniko kile sikukisoma hata siku moja. Nilikiinua, nikakibusu, nikakiweka. Niliwaambia hivyo, na Bi Mwanaisha akasema alhamdulillahi, hawako peke yao.

Siku ile nzima tulitenga mafungu mawili. Chache zilikuwa na bismillahi, au jina la Mwenyezi Mungu ndani ya jina la mwenye kiwanda. Hizo Zuhura alizipiga picha kwanza, kisha tukazilowesha kwa maji moto, tukabandua karatasi, tukazichoma na majivu tukayafukia mahali safi. Chupa yenyewe ilibaki chupa. Jumatano nyingine zote zilipanda mkandani, na mashine ikazitambua moja baada ya moja. Pipa lilijaa kabla ya adhuhuri.

Zuhura alitoka nje akasimama ukutani, ametupa kisogo. Otieno ndiye aliyesema, "Mzee, tumeifungua hii mashine mara tatu. Kumbe ilikuwa inasema ukweli."

Jioni waliifundisha mashine kwa picha za karatasi zile zenye majina matukufu ili ijifunze kuzisukuma kando, zisubiri mkono wa mtu. Jaribio la kwanza ilisukuma kando chupa ya siki. Bi Mwanaisha akasema mwanafunzi huyo yuwafanana na yeye.

Alhamisi, kabla ya maji kupungua, Zuhura alikuja na mkoba wake mkononi, kwa kuwa hatukuwa tumezungumza tena juu ya ahadi ile. Nilimwambia aurudishe. Safari ya kurudi niliifanya peke yangu, na njia nzima nilifikiri kwamba wahandisi waliiuliza mashine na hawakuwauliza wanawake, nami nilifika Siyu na amri mfukoni, sikufika na swali. Lile neno la dereva wa pikipiki sikulipeleka popote.

Lamu, Athman alinipokea gatini, akatazama nyuma yangu, akageuka kwenda zake. Siku kadhaa hatukusemezana zaidi ya salamu.

Wiki iliyofuata Zuhura alipiga simu. Wageni walikuwa wamefika, wakatazama mapipa, wakauliza mengi, wakaondoka bila kuahidi kitu zaidi ya kuwaacha waendelee mpaka watakaporudi. Si ushindi, lakini banda halikufungwa. Nilikwenda barazani kwa Athman nikamweleza yote, tangu jeneza hadi siki. Hakuuliza juu ya mashine.

"Amekonda?" akauliza.

"Amekonda."

Kisha aliingia ndani akatoka na kikapu cha halua kilichofungwa vizuri kwa ukili, akanikabidhi nikitie kwenye chombo cha Mtangawanda. Nilipokipokea nilihisi uzito wake. Halua ile ilikuwa ya watu wengi, ya kuwatosha Otieno na akina mama wote.