Nahodha Hakurudi

Siku yangu ya kwanza kazini nilisahau kushusha mizinga. Ilikuwa Louisville, huku Amerika, katika ukumbi ulio chini ya kanisa letu, Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Wazee wapatao ishirini walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja, nami nimesimama kando ya skrini na maikrofoni mkononi. Manowari mbili za enzi za Napoleoni zilikuwa zinakaribiana, na mimi nilijishughulisha mno na maneno ya nahodha hata nikasahau kwamba kazi ya mtafsiri haianzii mdomoni, inaanzia kwenye kitufe cha sauti. Mizinga ikalia ukumbi mzima. Mzee mmoja, shemasi mtu mzima na tai yake shingoni, akaingia chini ya meza. Hakuna aliyecheka. Sote tulitoka milima ya Kivu Kusini, na kila mmoja pale alishawahi kutafuta meza ya kuingia chini yake.

Nawaandikia ninyi mnaotafsiri filamu leo mkiwa mmelala kitandani na simu. Zamani zetu si za mbali sana, lakini kazi ilikuwa nyingine. Wazee wetu wengi hawasomi, kwa hiyo maneno yanayopita chini ya picha kwao ni sisimizi tu. Mtafsiri alisimama mbele ya watu, akashusha sauti ya filamu, akasema kwa Kiswahili kila alichosema mchezaji, mwanamume kwa mwanamke, mtoto kwa mfalme. Kulikuwa na kutangulia, yaani kuanza kusema nusu pumzi kabla mchezaji hajafungua kinywa, ili maneno na midomo vifike pamoja. Kulikuwa na kushusha, na tayari nimewaambia kusahau kulinigharimu nini. Na kulikuwa na shimo. Shimo ni sehemu ya filamu isiyo na maneno, na mtafsiri hodari alijulikana kwa namna anavyoziba mashimo.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Mchungaji, aliyeanzisha zile Jumamosi ili wazee wasikae nyumbani kutazama ukuta. Asubuhi za siku nyingine nilipanga vifurushi ghalani kama kila mtu. Kutafsiri ndiko kulikonipa heshima. Mchungaji alikataa filamu za mapenzi, za uchawi na za majambazi. Kilichobaki katika sanduku tulilopewa na maktaba kilikuwa filamu zilizotengenezwa kutokana na riwaya za kale za baharini, za wakati Waingereza na Wafaransa wakiwindana juu ya maji. Akatazama moja, mikono nyuma.

“Bon, hii iko muzuri,” akasema. “Banaume beko na nidhamu, Jumapili banasali, na hakuna mwanamuke anavua nguo.”

“Kuna kuchapwa viboko, Mchungaji.”

“Viboko haina shida. Iko mu Biblia.”

Hivyo ndivyo mimi, mwana wa wafugaji niliyezaliwa mahali ambapo maji makubwa kuliko yote ni kijito cha kunyweshea ng'ombe, nilivyogeuka bingwa wa merikebu. Mtu mmoja wa Tanga, mzaliwa wa pwani, tuliyefanya naye kazi ghalani alinipa maneno: shetri, ndiyo sehemu ya nyuma ya chombo, serahangi, ndiye msimamizi wa mabaharia, amari, ndiyo kamba ya nanga. Wazee wangu hawakuyajua hata moja, kwa hiyo kila neno niliwatilia mdomoni pamoja na maelezo yake kama mama anayemtafunia mtoto. Walizipenda filamu zile kupita kiasi. Walipenda kwamba mkubwa ana mkubwa wake, na kwamba mtu akifa husomewa maneno kabla ya kuteremshwa majini. Wengi wetu tuliacha watu ambao hawakusomewa chochote.

Kule nyumbani nilikuwa mwalimu wa Kifaransa, basi nikaazima riwaya zenyewe, kwa Kifaransa zikipatikana, kwa Kiingereza cha kupapasa zisipopatikana. Nikaona jinsi watengenezaji wa filamu wanavyokata. Watu wawili wa kitabuni wanakuwa mmoja. Dhoruba ya mwanzo inahamia mwishoni. Nahodha mnene mwenye meno mabovu anakuwa kijana mzuri wa kuposa. Nikahitimisha kwamba kila anayeipokea hadithi hupunguza hapa na kuongeza pale, na kama wao wanaruhusiwa, kwa nini mimi nikatazwe? Kiburi hicho ndicho kilichokuja kuniponza.

Baada ya miaka kadhaa niliitwa Columbus na mkubwa wangu wa pili, Mrundi mmoja tuliyemwita Patron. Yeye alirekodi tafsiri na kuzisambaza katika simu za watu wetu majimbo yote. Studio yake ilikuwa kabati la nguo lililozungushiwa mablanketi, na ndani yake nilitoka jasho kuliko ghalani. Patron alikuwa na sheria moja.

“Mwalimu, kimya ni adui yetu,” aliniambia. “Mtu akisikia kimya anadhani simu yake imekufa. Ziba mashimo yote.”

Katika kabati lile nilitafsiri filamu ninayotaka kuwasimulia. Manowari ya Kiingereza imeishiwa maji ya kunywa. Nahodha anatuma mabaharia kisiwani na mapipa. Wakiwa huko, merikebu tatu za Kifaransa zinatokea. Akingoja, chombo kizima kitatekwa. Anaamuru amari ikatwe, na manowari inaondoka. Wale wa kisiwani wanakimbia hadi majini wakipunga mashati. Nahodha anasimama kwenye shetri akiwatazama, dakika tatu nzima, bila neno. Kitabu kinasema kwa sentensi moja kwamba watu wale hawakusikika tena. Filamu haisemi hata hilo. Inaendelea na vita, ushindi, na mwisho nahodha anavalishwa medali mbele ya mfalme.

Dakika tatu lilikuwa shimo kubwa kuliko yote niliyopata kukutana nayo, na nililiziba. Nilisema kwa sauti ya nahodha: “Msilie, wanangu. Nyuma yangu inakuja merikebu nyingine, itawachukua.” Na mwishoni, majina yalipokuwa yakipita, nikaongeza kwamba merikebu ile ilifika, ikawachukua wote, na wako salama kwao. Patron alinipiga bega. “Hapo umetuliza mioyo,” akasema. Nami sitawaficha, nilijisikia vizuri siku ile, nikala kwa hamu.

Mke wangu alifia Columbus. Binti yangu, anayekaa North Buffalo, alikuja kunichukua pamoja na mablanketi na vitabu. Huko Buffalo nilipata kazi yangu ya mwisho, katika senta ya wazee ambako watu wa umri wetu huletwa asubuhi na kurudishwa jioni. Superviza, mkubwa wangu wa tatu, alikuwa Mmarekani mpole aliyeandika kila kitu: nani amekula, nani amelala, nani amecheka. Alinipa Jumanne mchana kuwa siku ya filamu.

Wiki ya kwanza tu mama mmoja mwembamba, kitenge chini na koti zito la baridi juu, alinisimamisha mlangoni.

“Njo weye!” akasema, yaani ndiwe wewe. “Sauti yako naijua. Njo weye wa ile merikebu.”

Aliitwa Mama Elisha, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa ameisikia rekodi yangu ya Columbus kwenye simu mara nyingi hata alijua maneno. Akaomba filamu ile, na baada ya wiki mbili akaiomba tena, na tena. Dakika tatu zilipofika aliwanyamazisha wenzake kwa mkono. Mimi nilisema yale yale ya kabatini, maana mtu anayekusikiliza hivyo anakunenepesha roho.

Siku moja akaja binti yake, Rakeli. Alitoka moja kwa moja kiwandani Tonawanda, viatu vya kazi bado miguuni. Hakutaka kukaa.

“Mwalimu, kaka yangu Elisha alikufaka,” akasema. “Tulimuacha kule na ngombe wakati tulikimbia. Kuko muntu alimuona, alimuzika na mikono yake, akatutumia habari. Tangu mwaka jana tunajua. Tunataka kufanya kilio, donc tumalize. Bandugu ba Louisville na ba Columbus bote beko tayari kuya. Mama anakataa. Anasema kuko merikebu ingine.”

Nikakaa mimi.

“Binti yangu,” nikamwambia, “mimi ni mtafsiri tu.”

“Hapana, Mwalimu. Pale haukutafsiri. Umuambie vile inaishaka.”

Niliahidi, kisha nikaogopa. Jumanne mbili nilionyesha filamu nyingine nikisingizia kwamba diski imekwaruzika. Nilikuwa nimeua watu wengi kwa maikrofoni, maadmirali na mabaharia, na sasa nilishindwa kumwua mtu mmoja ambaye tayari alikuwa amekufa. Niliogopa kwamba yule mama atavunjika mbele yangu. Niliogopa pia, na hili linanitia aibu, kwamba hatanipenda tena.

Jumanne ya tatu nikaiweka. Amari ikakatwa. Mashati yakapungwa. Mama Elisha akainua mkono kuwanyamazisha wenzake, nami nikasema:

“Nahodha hasemi kitu, wazee wangu. Anaondoka, na wale wanabaki. Kitabu kinasema hawakusikika tena. Ile merikebu nyingine niliitunga mimi. Mnisamehe.”

Nikaizima filamu. Hita ilikuwa inavuma ukutani. Mama Elisha hakulia. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei ya unga:

“Ule nahodha, alijua banabakia kufa?”

“Alijua, mama.”

“Na kisha? Balimufanya nini?”

Ningeweza kudanganya hata hapo. “Walimpa medali,” nikasema.

Akaitazama mikono yake. “Miye balinipatia Amerika.”

Bibi aliyekaa karibu naye akamshika goti. Yeye akaendelea, bila kuinua macho.

“Elisha alitaka kuya na siye. Njo miye nilimuambia, bakia na ngombe, tutakurudilia. Nilijua hatutarudi. Ngombe ilikuwa yote tuliyokuwa nayo, na yeye njo alikuwa na nguvu. Nilijua, Mwalimu.”

Miezi yote ile nilidhani anawatazama watu wa ufukweni. Alikuwa anamtazama aliyesimama kwenye shetri. Kila nilipompa nahodha yule maneno mazuri, nilikuwa nampa yeye, na sasa nilikuwa nimeyachukua mbele ya watu. Superviza aliingia, akaona wazee wanalia, akaniuliza kulikoni, kisha akaandika kwamba shughuli ya siku hiyo iliwagusa.

Kilio kilifanyika Jumamosi iliyofuata, nyumbani kwa Rakeli, mtaa wa Lower West Side. Magari yalitoka Louisville na Columbus, viti vikaazimwa kanisani, watu wakaimba hadi sauti zikakauka. Mama Elisha alikaa katikati bila kutikisika. Niliombwa neno kwa sababu mimi ni mwalimu na nimezoea kusimama mbele za watu. Nilisema jina la marehemu na jina la baba yake, nikaketi.

Mwezi uleule nikamwambia Superviza kwamba nimechoka. Hakunifukuza mtu, na sauti yangu bado ilikuwa nzima. Wengi wenu mnategemea mzee akistaafu afungue mkoba wa hekima, awagawie. Wangu hauna kitu. Sijui kama nilitenda vema. Rakeli alinishukuru, lakini mama yake amepungua tangu siku ile, chakula hali, kwenye senta haketi tena mbele. Wapo wanaosema ukweli huponya. Mimi niliusema, na sikumwona aliyepona. Nasikia siku hizi mashine hutafsiri zenyewe bila kuongeza neno. Kama ni kweli, basi zina bahati, maana hazitaamka asubuhi zikikumbuka zilichoongeza.

Alhamisi huwa naenda kumsalimia Mama Elisha. Ananipa chai ya maziwa, tunaongea habari za baridi na za magoti yetu. Filamu hatuzitaji. Lakini Alhamisi iliyopita, Rakeli akiwa kazini, aliweka kikombe chake chini akasema:

“Mwalimu, unisimulie ile ya merikebu ingine.”

“Mama, ile ni uongo.”

“Najua. Simulia tu.”

Hapakuwa na skrini wala maikrofoni. Nikamsimulia. Nikasema merikebu ikatokea upande wa jua, ikateremsha mashua, mashua ikafika ufukweni. Nikasema watu wakapanda mmoja mmoja, wote kumi na mmoja, maana katika filamu walikuwa kumi na mmoja.

“Kumi na mbili,” akasema Mama Elisha.

Nikairudisha mashua ufukweni.