Zamu Yetu ya Mwethya

Kazi yangu ni kubuni kernel, yaani kiini cha mfumo endeshi, kwa zile kompyuta kubwa ambazo watu hukodi kupitia mtandao. Kompyuta moja huhudumia wateja wengi wasiojuana, na kernel ndiyo inayogawa zamu: huyu apate, yule angoje, asionewe mtu. Sehemu ya zamu niliiandika mimi, huku kijijini Kathonzweni, katika chumba cha nyuma kwa mama. Kwa hiyo katika mambo ya haki nilikuwa mtaalamu.

Mama yuko kwenye mwethya, kikundi cha majirani wanaochimbiana mitaro ya kuzuia mmomonyoko, kila Jumatano kwa shamba la mmoja wao. Bila mitaro, mvua ya kwanza hubeba udongo wote mzuri. Magoti yake yalipogoma, nilipaswa kwenda badala yake. Jumatano, kwa bahati nzuri sana, ndiyo siku yangu ya mikutano. Nikawa natuma kibarua. Si mtaro ulichimbwa? Kernel yangu haiulizi kazi imefanywa na nani, mradi imefanywa. Mama aliniambia mara mbili kwamba watu wananiulizia. Nikamwambia awasalimie.

Zamu yetu ilifika mvua ikinukia. Mama alipika isyo, mahindi na maharagwe ya kutosha watu ishirini. Saa tatu akaja mtu mmoja: yule kibarua wangu. Nikamsifu kwa kuwahi, nikamwambia leo sikumwita. Akasema, akitazama chini, kwamba si mimi niliyemwita.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kikundi, mama wa boma la pili, nikamkuta akipepeta mbaazi. Wala hakuwa amenuna.

"Hatujakataa kuja, kijana yangu," akasema. "Wewe ulikuwa unatutumia mtu. Na sisi tumekutumia mtu."

Nilirudi shambani kwa mama. Nilishika jembe, tukachimba na kibarua mpaka jioni, tukapata mtaro mmoja na nusu. Malengelenge nilipata mengi zaidi.

Mvua ilishuka Ijumaa. Udongo ambao mama alikuwa ameutilia samadi miaka yote uliteremka kwa jirani. Alisimama mlangoni akiutazama ukienda. Niliona aibu, nikatamani anitukane tu yaishe. Aliniuliza kama network yangu iko sawa.