Moyo Uliotulia Mezani

Muulize yeyote katika soko la Kikula, mjini Likasi: Berthe, muuza unga, hashauriwi. Akishaamua jambo, utaongea mpaka mate yakukauke. Mumewe Godefroid, fundi umeme wa kiwanda, Berthe alimtunza kama yai, kwani miaka mitatu sasa moyo wake ulikuwa ukianza mbio bila sababu na kumwangusha chini, hata mlangoni pa kanisa.

Basi wakaja Lubumbashi madaktari wageni, kwa juma moja tu. Wangepitisha nyaya nyembamba pajani hadi moyoni, wachore kwenye kioo ramani ya njia za umeme wake, waone unapopotea, wapachome. Sharti lilikuwa moja: siku tano asimeze vidonge vya kutuliza mapigo, maana moyo uliotulizwa hauonyeshi ugonjwa. Godefroid alielewa upesi. Kiwandani hakuwahi kutengeneza hitilafu asiyoiona.

Berthe alielewa pia, ila hakukubali. Siku tano bila dawa, si atamfia njiani? Madaktari wana wagonjwa wengi, yeye ana mume mmoja! Sikio la kufa hilo. Kila asubuhi akasaga kidonge, akakikoroga ndani ya uji, akazidisha sukari.

Kwenye meza ya madaktari moyo ulitulia tuli. Wakauchokoza kwa umeme, wakangoja saa tatu nzima. Ukadunda polepole, adabu tupu. Daktari akamwambia Berthe kwamba hawawezi kuchoma wasichokiona, na foleni ni ndefu. Berthe alijua pale pale kosa ni la nani. Aibu ikamfunga mdomo.

Siku mbili baadaye walipanda basi la kurudi Likasi. Godefroid alikuwa akiulaumu mwili wake kwa kuwapotezea watu muda. Karibu na Kapolowe, dawa ilipokwisha mwilini, maana vidonge vilikuwa vimewaishia, moyo ukaanza mbio. Berthe akaweka kiganja kifuani pa mumewe, akajaribu kuhesabu, akashindwa. Ndipo akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Papa Glodie, miye njo nilikuwa natia dawa mu uji. Kila siku."

Godefroid akatafuta pumzi kwanza.

"Nilisikia iko na uchungu," akasema. "Nikafikiri ni unga yako njo iliharibika. Nikaona haya kukuambia."

Akageukia dirisha. Berthe hakuondoa mkono. Walipofika Likasi moyo ulikuwa bado unakimbia, na madaktari walikuwa wameshapanda ndege.