Chombo cha Maziwa Kutoka Gitega

Harufu ya siagi iliyochacha inanitia kichefuchefu hata leo. Mtu akifungua kopo lake karibu yangu, narudi mara moja kwenye ukumbi mmoja wa Gitega, wenye bati linalovuja, uliojaa vitu vilivyoitwa vya kale na wauzaji ambao siwaheshimu hata chembe.

Nilikuwa msichana wa darasa la nne. Tulikuwa tumerudi Buhinyuza kutoka Tanzania, ambako baba alikulia ukimbizini, tukiwa na sufuria, magodoro na baiskeli moja. Dada yangu Estera alikuwa amepata mchumba wa mjini Muyinga, na alimpenda mpaka akawa anasahau chumvi kwenye maharage. Lakini wakwe walipokuja kujitambulisha, baba mdogo wa kijana, mzee wa suti na kiburi kisicho na kazi, alizungusha macho sebuleni kwetu.

"Icansi ya babu yenu iko wapi? Mi sijaonaka familia haina icansi. Enfin, tutaenda tufikiri kwanza."

Icansi ni kile chombo cha mti cha kuwekea maziwa. Fikirini wenyewe: watu walikimbia na watoto mgongoni, yeye alitaka wawe wamebeba na vyombo vya maziwa! Estera alilia siku mbili, maana alijua "kufikiri" kwa watu wale ni kukataa. Wiki iliyofuata baba alinichukua tukapanda basi kwenda Gitega.

Mle ukumbini mlikuwa na mikuki, ngoma, na picha za harusi za watu wasiojulikana. Kulikuwa na pasi ya mkaa kama ile tuliyonyoshea nguo kila Jumamosi, hapa imewekwa juu ya kitambaa kama masalia ya mtakatifu, na wageni wenye kofia pana wakiipiga picha. Nilicheka kwa sauti, baba akanibana bega.

Mama mmoja mnene alituletea icansi iliyopakwa siagi mpaka inateleza.

"Papa, hii iko ya wakati ya mwami. Mfalme mwenyewe alikunywaka ndani!"

Mimi nikaingiza pua. Nje siagi, ndani mbao mbichi za juzi.

"Baba, hiki hakijawahi kuona maziwa."

"We mtoto, nani amekuuliza?" yule mama akafoka.

Baba naye akanusa, tena kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa utulivu kama kuna chenye ufa. Kilikuwepo, ufa wenyewe umeshonwa kwa uzi mweusi, na akakinunua. Niliona wazi kwamba ametapeliwa, nikanuna mpaka Muyinga.

Baba aliwatumia wakwe habari kwamba icansi imepatikana, nao wakarudi. Siku ya mahari, yule mzee alikipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye ufa, akafumba macho.

"Voilà. Hii ndiyo icansi. Babu yangu alikuwaka na moja hivi hivi. Ufa kama hii, leo hakuna mtu anaweza kuitengeneza."

"Wewe ndiye unayejua, mzee," baba alisema, akainamisha kichwa.

Estera akaolewa. Wakwe wakaomba chombo kiende pamoja na bibi harusi, na leo kiko sebuleni kwa yule mzee, ambako wageni wanaambiwa kilikuwa cha babu yake mwenyewe.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba baba hakutapeliwa. Alikwenda Gitega kutafuta uongo unaowatosha watu wale, akauchagua kwa makini. Babu yangu alikuwa na icansi yake ya kweli. Iliungua pamoja na nyumba siku walipokimbia, na bibi aliitaja mpaka siku zake za mwisho. Baba angeweza kumwambia yule mzee habari hiyo siku ile ya kwanza, na ingemfunga mdomo. Aliona tu kwamba mzee yule hastahili kuisikia.