Chupa Ambayo Ondiek Hakuisoma

Kwa miaka tisa Ondiek aliishi na hofu moja: kwamba siku moja mtu angempa karatasi mbele ya watu na kumwambia, soma. Aliacha shule darasa la pili. Lakini alipokuja Kitengela kutafuta kazi, alimwambia Mama Simel, mwenye shamba la nyanya nje ya mji, kwamba alisomea kilimo chuoni na vyeti vyake viliungua na nyumba. Mama Simel aliona mikono yake inavyoshika mche, akamwajiri.

Na kazi aliijua. Aligusa jani akajua linaumwa nini. Dawa alizitambua kwa rangi ya kifuniko na harufu.

Asubuhi moja ya Februari ililetwa dawa mpya, kifuniko kijani kama cha ile ya zamani. Harufu ilikuwa kali kidogo. Ondiek alisita, kisha akaona aibu kuuliza. Akapiga dawa mistari sita.

Ile ya zamani ilikuwa ikishakauka tu kwenye majani, watu wanavuna siku hiyo hiyo. Kwa hivyo Namunyak, mama aliyekuwa akichuma siku hiyo, akaingia mistari ile ile. Akapangusa nyanya kwa shuka, akala.

Saa tano Ondiek alimsikia akitapika.

"Baba Valerie, sioni vizuri," Namunyak alimwambia, akimwita kwa jina la bintiye kama kawaida. Mate yalimtoka, mikono ikatetemeka.

Ondiek alinyakua ile chupa, akaita boda boda, akampakia Namunyak katikati yake na dereva hadi hospitalini.

"Ni dawa gani?" daktari aliuliza.

Ondiek akamnyooshea chupa.

"Inaitwaje? Mlichanganya kiasi gani?"

Watu wote kwenye benchi walikuwa wakimtazama.

"Sijui kusoma, daktari. Nisomee wewe."

Daktari akasoma haraka. Nyanya zilizopigwa dawa ile hazikufaa kuvunwa kabla ya siku kumi na nne. Akamwita nesi alete sindano, wakamkimbiza Namunyak ndani.

Ondiek alikaa chini, akiegemea ukuta. Kila mlango ulipofunguka alidhani wanakuja kumwambia Namunyak amekufa. Kila buti lilipolia alidhani ni polisi. Aliyekuja ni Mama Simel.

"Si ulisomea kilimo?"

"Nilikudanganya, mama. Niliishia darasa la pili. Haya mengine nilifunzwa na macho yangu."

"Na leo macho yako yalikuwa wapi?"



Namunyak alipona, akatoka siku ya nne. Nyanya zilizochumwa zilifukiwa. Mama Simel hakumfukuza Ondiek, ila pampu ya dawa alimpa Lucy, msichana mwenye diploma ya kilimo, ambaye mpaka leo humwita Ondiek amwonyeshe jani linaloumwa. Kila Jumamosi Ondiek huenda ngumbaru, darasa la watu wazima, kanisani, na mwalimu akikaribia dawati lake, hufunika daftari kwa mkono.

Alienda kwa Namunyak kuomba msamaha. Alisimama nje ya boma, akamsalimia kwa Kimaasai.

"Sopa, Namunyak. Niko na makosa makubwa."

Namunyak alimtazama, bado amekonda.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini ungeuliza tu. Mimi nilifika form two. Ningekusomea."