Deni Nililolilipa kwa Kutengeneza Miguu

Siku ya kwanza niliambiwa nivue saa na pete, nifunge aproni, nitumbukize mikono yote miwili kwenye ndoo ya plasta. Mkuu wa Karakana alisimama pembeni akitazama vidole vyangu. Alikuwa mtu mrefu aliyekulia Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa na adabu kuliko uso wake.

"Plasta haimsubiri mtu," alisema. "Ukiisikia inapata joto mkononi, ujue imeshaamua."

Nilikuwa bado nalainisha mikunjo ya bendeji ilipopata joto. Ikakauka na mikunjo yake yote, na mimi nikaomba radhi kwa kila mtu aliyekuwa chumbani, pamoja na fundi wa umeme aliyekuja kubadilisha taa.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na watu wenye mvi. Mimi sina. Lakini nimestaafu mara moja, nilipoacha cherehani, na sasa nimemaliza utumishi niliokuwa nadaiwa, na ninyi mnaoanza mwaka huu mmeniomba niwaeleze kazi ilikuwaje. Nimeandika aya hii mara nyingi nikiifuta. Mtanivumilia.

Nilikuwa fundi cherehani mtaani Biryogo, kwenye kichochoro kinachotokea msikitini. Sikufundishwa na mtu. Nilifumua nguo za mitumba, nikatazama zilivyoshikana, nikazishona upya. Hesabu na sayansi ya sekondari nilijisomea hivyohivyo, kwa vitabu vya kuazima, nikafanya mtihani kama mtahiniwa wa nje. Mtu anayejifundisha mwenyewe hana wa kumwambia kwamba imetosha. Ugonjwa huo ninao mpaka leo.

Ndipo likaja tangazo la mkopo wa kusamehewa. Ulikuwa wa wafanyakazi waliokubali kurudi darasani na kujifunza kazi zenye upungufu wa watu: mafundi wa lifti, wauguzi wa vyumba vya upasuaji, mafundi wa viungo bandia. Nilichagua viungo bandia kwa sababu ndiyo kazi pekee kwenye orodha ile iliyokuwa na kupima na kukata ndani yake. Masharti yalikuwa mepesi kueleza. Ukihitimu, unapangiwa karakana ya umma. Kila mwaka unaotumikia kikamilifu unafuta theluthi ya mkopo, na baada ya miaka mitatu hudaiwi kitu. Ukiacha au ukiachishwa kabla, kilichobaki kinadaiwa chote kwa mpigo, kwako au kwa mdhamini wako. Anayethibitisha kwamba umetumikia kikamilifu ni mkuu wako wa kazi, kwa sahihi yake, kila mwisho wa mwaka.

Mdhamini wangu alikuwa Mjomba Idi, kaka yake mama, muuza vitambaa. Alikuwa na nyumba moja, ile anayolala, na aliweka hati ya nyumba hiyo kuwa dhamana. Majirani walimcheka barazani.

"Mzee Idi, deni la kusamehewa umelisikia wapi? Deni linasahauliwa tu, tena na anayedaiwa!"

"Hamumjui Zuhura," alijibu. "Huyu akikushonea mfuko wa shati anafumua mara tatu. Atashindwaje na mguu?"

Alidhani ananisifu. Mimi nilisikia tu kwamba nikikosea, mjomba wangu atalala nje.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe. Sehemu ya mguu inayobaki baada ya kukatwa tunaiita kigutu. Unakifunga kwa bendeji ya plasta, ikikauka unaivua, unamimina plasta nyingine ndani, unapata sanamu ya kigutu. Sanamu hiyo unaichonga kwa tupa. Unaongeza plasta kwenye muundi na kwenye ncha ya mfupa ili pasiguswe, na unapunguza chini ya pia ya goti, mahali panapoweza kubeba uzito. Kisha plastiki iliyolainishwa kwenye oveni inafunikwa juu ya sanamu na pampu inanyonya hewa mpaka inashika. Hiyo ndiyo soketi, kikombe cha kupokea kigutu. Chini yake kuna bomba na unyayo. Vyote hivyo vinanunuliwa. Soketi hainunuliwi, kila mtu na yake.

Soketi yangu ya kwanza niliitengeneza kama fundi cherehani. Nguo nzuri ina nafasi, inamwacha mwenye nguo apumue na akae chini bila kuchanika. Basi niliiachia nafasi pande zote, nikaona nimemfanyia mgonjwa hisani. Mkuu alikitazama kigutu kikicheza ndani yake kama ulimi wa kengele.

"Umeshona gauni," alisema.

"Nilitaka apumue, Mkuu."

"Apumue kwa pua. Hapa tunataka ashikwe. Kikicheza kinasuguliwa, kikisuguliwa kinachubuka, na akichubuka anarudi kwenye magongo."

Mgonjwa alicheka, nami nikacheka naye. Toka siku ile nikahamia upande wa pili. Nilikaza, nikapiga msasa, nikakaza tena. Hakuna mguu uliotoka mikononi mwangu. Nilikuwa nimehamishwa kutoka chumba cha plasta kwenda chumba cha kujaribisha, penye vyuma viwili sambamba ambavyo mgonjwa anashikilia akijifunza kutembea, na benchi la nje lilijaa watu wangu. Wa wenzangu walikuja, wakavaa, wakaenda. Wa kwangu walifahamiana, wakaanza kuulizana habari za watoto.

Mkuu aliniita ofisini karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza.

"Zuhura, kazi yako ni safi. Sijawahi kuona soketi safi kama zako. Lakini mguu ulioko rafuni haumtembezi mtu. Nikiulizwa kama umetumikia kikamilifu, niseme nini? Niseme umepiga msasa kikamilifu?"

"Nikiwapa kabla haijawa sawa, wataumia."

"Na wanaosubiri hawaumii?"

Alisema angetazama benchi langu mpaka mwisho wa mwezi. Likiwa bado limejaa, hataweza kutia sahihi. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililonitisha. Nilitoka nikiiona nyumba ya Mjomba, na baraza yake, na wale majirani.

Aliyekuwa amesubiri kuliko wote ni Mama Solange, muuza nyanya wa Nyakabanda aliyepoteza mguu chini ya goti kwenye ajali ya pikipiki. Kila Jumanne alikuja, akavaa, akatembea kati ya vyuma. Akija asubuhi niliona soketi inambana, naipanua. Akija alasiri niliona imelegea, nabandika pedi ndani. Juma linalofuata naanza upya. Jumanne moja nilinyoosha mkono kuuchukua mguu niurudishe ndani, akaushika.

"Yewe dada, mguu iko sawa. Wewe ndiyo hauko sawa."

"Mama Solange, nipe wiki moja tu."

"Kila mara unaingia na mguu yangu huko ndani kama unaenda kuibatiza. Mimi siendi harusi, naenda kuuza nyanya."

"Hata sponji ya nje sijaiweka. Chuma kinaonekana."

"Sha, wateja wanatazama nyanya."

Akatembea kati ya vyuma, akafika mwisho wake, na badala ya kugeuka akaendelea. Alivuka mlango, akapita mbele ya benchi, watu wakampigia makofi. Nilipofika getini mlinzi alikuwa ameshamwitia pikipiki. Ndiyo, pikipiki. Akapanda, akanipungia mkono.

Nilifanya hesabu ambayo watu kama mimi huifanya upesi. Mguu haujakaguliwa, atachubuka, kidonda kitaoza, atalalamika, sahihi haitatiwa. Mkuu alikuwa mkutanoni, na nakiri nilifurahi kwamba hayupo. Siku zile mpaka Jumamosi sikula chakula cha maana. Jumamosi yenyewe ilikuwa ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa, basi nikasubiri mitaro isafishwe na maduka yafunguliwe, nikapanda Nyakabanda kumtafuta.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya meza yake. Mguu wa bandia ulikuwa umevuliwa, umesimama kando ya ndoo ya vitunguu. Muuza makaa wa jirani aliniona na aproni yangu mkononi, nilikuwa nimeibeba sijui kwa nini.

"Mama Solange, polisi ya miguu imefika!"

"Mwache aingie," akajibu, kisha akanigeukia. "Umekuja kuninyang'anya?"

"Nimekuja kuona kama umeumia. Kwa nini umeuvua?"

"Naongeza soksi."

Alikuwa na soksi ya shule ya binti yake, ameikata vidole. Alinieleza huku akimhesabia mteja nyanya, na nusu ya maelezo yake ilikuwa Kinyarwanda. Asubuhi akitoka kulala kigutu kimejaa, soketi inakaa bila kitu zaidi ya soksi moja tuliyompa. Mchana, akiwa amesimama sana, kinapungua, mguu unaanza kuimba, anaongeza soksi. Jioni anaongeza nyingine. Siku ya mvua si kama siku ya jua.

"Wewe ulikuwa unanipima asubuhi unalia, unanipima jioni unalia," alisema. "Ulitaka kigutu ikae kimya kama meza?"

Nilipiga magoti nikakikagua. Palikuwa na wekundu chini ya pia ya goti, mahali penyewe panapobeba uzito, na ulififia nilipopabonyeza na kusubiri. Kwenye muundi hapakuwa na kitu. Ncha ya mfupa ilikuwa salama.

Jambo la soksi nilifundishwa darasani. Nililijibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Lakini kwenye chumba cha kujaribisha, kwa sababu ya woga, nilikuwa natafuta kipimo kimoja ambacho hakitabadilika, ili nikitie alama na nisiulizwe tena. Mwili wa Mama Solange haukuwa na kipimo hicho. Wangu nao hauna. Hata fundi cherehani anajua wateja hunenepa, ndiyo maana huacha akiba kwenye mshono. Nilikuwa nimejua hilo kabla ya kwenda shule.

Jumatatu nilimweleza Mkuu kila kitu. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Alipanda pikipiki?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Bila sponji?"

"Bila sponji."

Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akawa yeye tena. "Atarudi lini kukaguliwa?"

"Juma lijalo. Nimemwandalia soksi za kigutu za unene mbalimbali, na nimemwonyesha wekundu upi ni wa kawaida na upi ni wa kukimbilia kwetu."

"Na wale wa benchini?"

Mwezi ule niliwatoa mmoja mmoja. Kila mguu ulipotoka nilihisi nimeacha mtoto mlangoni mwa watu. Wengine walirudi na malengelenge madogo, tukarekebisha. Mzee mmoja alirudi akiwa ameongeza soksi nyingi hata soketi haiingii, tukazipunguza tukicheka. Hakuna aliyerudi kwenye magongo. Mwisho wa mwaka Mkuu alitia sahihi, na pembeni akaandika: "Ametumikia kikamilifu. Bado ni mwoga." Niliisoma sentensi ya pili mara nyingi kuliko ya kwanza.

Mwaka wa pili niliomba nihamishiwe Niboye, kwenye chumba kidogo cha kituo cha afya ambako waliokwisha kupewa miguu hurudi kukaguliwa. Wenzangu walishangaa, maana huko hakuna mguu mpya wala wa kupigia picha. Muuguzi Mkuu wa pale, mama mfupi asiyependa maneno, alinipokea kwa maneno haya: "Hapa hakuna kumaliza. Ukitaka kumaliza, rudi karakana." Nilikaa huko miaka miwili iliyobaki. Nimeona vigutu vikikonda, vikinenepa wakati wa ujauzito, vikikomaa ngozi kama kisigino. Nimekaza, nimelegeza, nimebadilisha nyayo zilizoliwa na mawe ya vichochoroni. Msasa natumia bado, lakini mgonjwa akiwa ameketi mbele yangu, si mimi nikiwa nimejificha nao.

Barua ya kusamehewa ilipotoka, Afisa wa Mikopo alituita pamoja, mimi na Mjomba. Alimrudishia hati yake kwenye bahasha. Mjomba aliitoa, akaitazama mbele na nyuma kama anayekagua kitambaa.

"Ni yenyewe," akasema. Kisha, tukiwa tumeshatoka nje: "Zuhura, mwanangu, sasa nikuambie. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa nikitazama paa na kuliaga."

"Mbona hukuniambia, Mjomba?"

"Ungeenda kulipiga msasa."

Mtaniuliza kama mkopo wa namna hii ni mwema. Kwangu ulikuwa mwema. Bila huo ningekuwa nafumua mifuko ya mashati mpaka leo, na kina Mama Solange wangekuwa bado kwenye magongo. Lakini msidhani kusamehewa maana yake ni bure. Ulinifunga kwa mtu ninayempenda, na hofu ya kumpotezea nyumba ilikaribia kuniharibia kazi ambayo ulinilipia niijifunze. Mkisaini, mzungumze na wadhamini wenu mapema. Waulizeni wanaogopa nini. Mimi sikuuliza, nikaogopa kwa niaba ya wawili. Na mkuu wenu akisema imetosha, mwaminini kidogo, hata kama tumbo linakataa.

Kuna karakana ya binafsi mjini iliyonipigia simu juma lilelile, mshahara mzuri, vifaa vipya. Mkuu alisikia, akaja Niboye mwenyewe.

"Huna deni tena," alisema. "Ukienda, sitakulaumu."

Nikamwambia nitafikiri, na nikafikiri Ijumaa nzima na Jumamosi na Jumapili, nikiandika sababu za huku na za kule, nikizifuta. Miaka mitatu nilikuwa nikijiambia kwamba naamkia kazini kwa ajili ya nyumba ya Mjomba. Jumatatu nyumba ilikuwa salama, hakuna aliyenidai kitu, na kabla sijamaliza kufikiri nikajikuta nimeshafunga viatu nashuka kuelekea Niboye.